Mambo ya Wapiga Picha: Sifa ya Kamera na Sifa ya Mpigaji

Katika kila mji wa Kenya, na siku hizi hata vijijini, hakosekani mtu ambaye baada ya kazi zake za juma hushika kamera na kwenda kupiga picha kwa kujifurahisha tu. Mtu huyu hapati riziki yake kwa picha. Riziki yake hutoka shambani au katika meza ya ofisi. Kwa hiyo kila shilingi anayoitumia kwa kamera imetolewa katika fungu la mbolea au la karo ya watoto, nayo yafaa itumiwe kwa akili. Jambo linalomshinda mara nyingi si ufundi wenyewe, bali ni kuchagua chombo. Kwa maana masikio yake yamejaa sifa za kamera zilizotoka katika sinema, katika nyimbo, na katika habari za watu mashuhuri. Yafaa basi sifa hizo zipimwe, ijulikane zipi ni za kweli na zipi ni maneno matupu.

KAMERA YA DOLA MOJA

Hapo kwanza kamera ilikuwa chombo cha mafundi na matajiri. Aliyeifikisha mikononi mwa watu wa kawaida ni Bwana George Eastman wa mji wa Rochester, Marekani. Mwaka 1888 alitoa kamera aliyoiita Kodak, jina alilolitunga mwenyewe. Iliuzwa kwa dola 25, nayo ilikuwa na filamu ya kutosha picha 100 ndani yake. Mwenyewe alipokwisha kuzipiga zote, aliirudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10; huko wakaisafisha filamu, wakatia nyingine, wakamrudishia.

Lakini hata bei hiyo iliwashinda wengi. Ndipo mwaka 1900 Bwana Eastman alipotoa kamera ya sanduku kwa dola moja tu, akaiita Brownie. Jina hilo halikuwa lake. Lilikuwa jina la vijitu vya hadithi alivyovichora Bwana Palmer Cox, ambavyo watoto wa Marekani wa siku zile walivipenda mno, na boksi la kamera lilipambwa kwa michoro ya vijitu hivyo. Hivyo tangu zamani kamera imeuzwa kwa sifa ya kuazima. Hata hivyo, Brownie ilistahili sifa. Haikuwa na mambo mengi ya kurekebisha. Mpigaji alisimama jua likiwa nyuma yake, akaishika kamera kifuani bila kutikisika, akabonyeza. Makosa yaliyobaki yalikuwa yake mwenyewe, naye alijifunza upesi.

YALIYOTOKA KATIKA SINEMA

Baadaye kazi ya kuzisifu kamera iliingia katika sinema. Mwaka 1954 Bwana Alfred Hitchcock alitoa sinema iitwayo Rear Window. Ndani yake mpiga picha aliyevunjika mguu hukaa dirishani pake na kamera ya Exakta, iliyotengenezwa Dresden, Ujerumani, nayo ina lenzi ndefu kama mkono. Wengi walioiona waliitamani lenzi ile. Lakini mtu akiitazama sinema kwa makini ataona jambo la ajabu: lenzi ile haitumiki kwa kupiga picha. Mwenyewe huifanya darubini, akachungulia nyumba za majirani. Basi aliyeitamani kwa ajili ya sinema aliitamani kazi ya upelelezi, wala si ya picha.

Mwaka 1960 ikaja La Dolce Vita, sinema ya Bwana Federico Fellini wa Italia. Humo yumo mpiga picha aitwaye Paparazzo, ambaye huwafuata watu mashuhuri popote waendapo. Jina lake likaingia katika lugha nyingi, na mpaka leo wapiga picha wenye kuwavizia watu huitwa mapaparazi. Si jina la heshima. Mtu asiyetaka kuitwa hivyo katika kijiji chake aanze kwa salamu, aombe ruhusa, kisha ndipo anyanyue kamera. Tena jambo hili si la adabu peke yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

YALIYOTOKA KATIKA NYIMBO

Nyimbo nazo zimefundisha makosa. Yasemekana kwamba mwaka 1943 binti mdogo wa Bwana Edwin Land, Mmarekani, alimwuliza baba yake kwa nini haiwezekani kuiona picha pale pale inapopigwa. Swali hilo la mtoto lilizaa kamera ya Polaroid, iliyoanza kuuzwa Boston mwaka 1948. Picha zake za kwanza zilipobanduliwa zilikuwa na umajimaji, na watu walizoea kuzipungia hewani zikauke. Lakini tangu mwaka 1972, ilipotoka Polaroid ya namna mpya, picha imefungwa chini ya plastiki wala haihitaji kukaushwa. Desturi ya kuipunga ikabaki bila sababu yake. Mwaka 2003 kundi la OutKast likaimba wimbo uliowahimiza wachezaji wajitikise kama picha ya Polaroid, na vijana wa dunia nzima wakazitikisa picha zao. Mwaka 2004 kampuni yenyewe ikalazimika kuwaonya wateja kwamba kutikisa kwaweza kuiharibu picha.

Sifa ya mtu mashuhuri huongeza na bei pia. Contax T2 ni kamera ndogo ya filamu ya miaka ya 1990. Mwaka 2017 mwanamitindo Kendall Jenner aliionyesha katika kipindi cha televisheni huko Marekani, na bei yake ikapanda mno. Kamera ilikuwa ile ile, lenzi ile ile. Kilichoongezeka ni jina la aliyeishika. Nayo haitengenezwi tena, na mitambo yake ya umeme ikiharibika, vipuri vyake ni shida kupatikana. Karani atakayeinunua leo kwa mshahara wa miezi kadhaa amenunua sifa, na sifa haina fundi wa kuitengeneza. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

MFANO WA BAMAKO

Anayetaka kuona kamera ndogo yaweza kufanya nini na atazame Bamako, mji mkuu wa Mali. Seydou Keïta alikuwa kijana fundi seremala wakati mzee mmoja wa jamaa yake aliporudi kutoka Senegal mwaka 1935 na kamera ya sanduku. Akaanza kwa kuwapiga picha watu wa nyumbani, na wengine wakatoka bila vichwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1948 alifungua studio yake uani, akatundika kitambaa cha kitanda chake ukutani kiwe pazia la nyuma. Wateja walikuja na nguo zao nzuri, naye aliwawekea saa, redio, hata pikipiki ya Vespa, wajionyeshe kama walivyotaka kuonekana. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali; ilimpasa aitengeneze mikono, shingo na mwanga kabla ya kubonyeza.

Kijana mwingine wa Mali, Malick Sidibé, naye alianza na Brownie. Katika miaka ya 1960 alikwenda kwa baiskeli katika dansi za vijana wa Bamako na kamera nyepesi. Aliporudi usiku alizisafisha filamu zake, kisha akazibandika picha ndogo ndogo nje ya studio ili wenyewe waje kuchagua. Katika picha zake vijana wameshika santuri za wanamuziki waliowapenda, wameziinua kifuani kama vile mzee ashikavyo fimbo yake. Hapo mambo yamegeuka: si santuri inayoisifu kamera, bali kamera ndiyo inayohifadhi furaha ya watu na muziki wao. Mwaka 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia, kwa kazi yake ya maisha yote. Alikuwa mpiga picha wa kwanza kupata heshima hiyo, tena Mwafrika wa kwanza.

Wawili hawa hawakuwa na vyombo vya ajabu. Walikuwa na vitu vitatu: waliijua kamera yao kama mkulima aijuavyo jembe lake, waliwaheshimu watu waliosimama mbele yao, na walizitunza filamu zao. Hili la tatu ndilo lililowaokoa. Keïta aliiacha studio yake katika miaka ya 1960 akawa mpiga picha wa serikali. Lau angalizitupa filamu zake, dunia isingalimjua.

LA KUFANYA

Kwa hiyo mpenda picha na achague kamera moja anayoweza kuilipia bila kukopa, iwe ya filamu, iwe ya simu ya mkononi, akae nayo mwaka mzima kabla ya kutamani nyingine. Apige asubuhi na jioni, wakati mwanga ni mpole juu ya nyuso za watu, wala si saa sita ambapo macho hujaa kivuli. Asiridhike kuziacha picha zote ndani ya simu, kwa sababu simu huibiwa, huanguka majini, na hufa siku isiyotazamiwa. Kila mwezi achague mbili au tatu zilizo bora, azipeleke studio zichapwe kwenye karatasi, aziweke mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa, na nakala moja ampe aliyepigwa.

Mwisho, nyuma ya kila picha aandike jina, mahali na mwaka. Keïta alikuwa akibadilisha pazia lake kila baada ya miaka michache, hata uzeeni aliweza kuutambua mwaka wa picha kwa kukitazama kitambaa. Mpiga picha wa kawaida hana pazia la namna hiyo. Ana kalamu tu, nayo yatosha. Bila hiyo, wajukuu watamtazama bibi yao mwenyewe na kuulizana huyu ni nani.