Vijana na Udongo wa Kibanja

Vijana wetu wa Bukoba na Muleba, mwezi huu twapenda kuwaandikia habari za udongo wa kibanja mlimozaliwa. Wengi wenu mwadhani kwamba udongo ule mweusi, wenye kuotesha migomba na buni na maharagwe chini yake, ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Nendeni mpaka rweya, mchimbe kidogo kwa jembe. Mtaona udongo mwepesi, usio na nguvu ya kulisha mgomba. Mahali pengi udongo wa kibanja asili yake ni huo huo. Tofauti imeletwa na mikono ya watu. Wazee walikata majani ya rweya wakayatandaza chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, na samadi yao ikatiwa kibanjani. Maganda ya ndizi na majivu ya jikoni yalirudishwa penye mashina. Kazi hiyo ilifanywa kizazi baada ya kizazi. Basi kitu kilichofanywa kwa mikono, mikono yaweza pia kukiharibu.

Tena siku hizi kibanja kimoja hugawanywa kwa ndugu watatu au wanne. Ukubwa wake hamtaurithi, walakini rutuba yake mwaweza kuirithi mkiitunza. Labda mtauliza: Tufanye nini sisi vijana tusio na fedha wala ng'ombe? Twawajibu kwa mambo matatu ya kila siku.

La kwanza ni taka. Maganda ya ndizi na majani ya mgomba yaliyofunikia chakula ni chakula cha udongo. Yarudisheni kibanjani yaoze. Lakini plastiki haiozi hivyo. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, ila chupa na vifungashio vingaliko. Vikichanganywa na maganda, huingia udongoni na kuzuia maji na mizizi. Vikitupwa mtaroni mjini Bukoba, mvua huvipeleka mto Kanoni, na Kanoni huvipeleka ziwani tunakovua samaki. Wala msivichome jikoni, maana moshi wake ni sumu. Basi wekeni nyumbani vyombo viwili, kimoja cha vitu viozavyo na kimoja cha visivyooza. Na mwendapo sokoni chukueni kikapu.

La pili ni moto. Wakati wa kiangazi wako wachomao rweya, wengine ili majani mabichi yaote upesi kwa ajili ya ng'ombe, wengine kwa mchezo tu. Yafaa mjue kwamba majani yale ndiyo matandazo ya kibanja. Mjini Bukoba mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ikiupiga udongo ulio wazi huuteremsha bondeni. Majani yaliyotandazwa huvunja nguvu ya matone, huhifadhi unyevu, na yakioza huwa mbolea. Achomaye rweya achoma chakula cha migomba yake mwenyewe. Kijana akikata mzigo mmoja wa majani kila Jumamosi, kwa mwaka atakuwa amekata zaidi ya hamsini. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu ni kisu. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao wengi huuita unyanjano, ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa wilayani Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata waona ndani rangi ya kutu. Dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa hakuna. Kinga ipo, nayo i mikononi mwenu. Ugonjwa huo huchukuliwa na kisu, na miche, na wadudu wanaotua juu ya ua la kiume lining'iniapo chini ya mkungu. Basi kichane cha mwisho kikiisha kutokea, livunjeni ua hilo kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Kisu kilichokata mgomba kiunguzeni motoni kabla ya kukata mwingine. Msichukue miche kwenye shamba lenye ugonjwa, hata mkipewa bure. Mkiona dalili mwiteni bwana shamba upesi. Kule Maruku pia kiko kituo cha utafiti wa kilimo. Kuazimana kisu ni ujirani mwema. Kukiunguza kabla ya kukirudisha ni ujirani mwema zaidi.

Huenda mmoja wenu asema: Kibanja si changu, ni cha baba, nami nitakwenda zangu Mwanza. Nenda kwa heri, mwanetu. Walakini tumewaona waliokaa mjini miaka mingi, kazi ikiisha hurudi kibanjani, na wengi wao huzikwa humo humo. Ukirudi, utakula kutoka udongo ule ule uliouacha, kama ulivyouacha. Kwa hiyo kabla ya kusafiri chukua jembe, uchimbe shimo la maganda nyuma ya jiko, umwonyeshe mdogo wako namna ya kulitumia.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika habari za kutunza chemchemi.