Wacheza sataranji wa Bukavu, andikeni michezo yenu

Sataranji, mchezo ambao wengi hapa Bukavu wanauita kwa Kifaransa échecs, una ugomvi wake. Wachezaji wawili wa klabu, wenye kiwango kinachokaribiana, wanaketi saa nzima na zaidi mbele ya ubao. Mmoja anadai sare: "Ubao umerudi hivi mara tatu!" Mwenzake anakataa: "Mara mbili tu!" Watazamaji wanagawanyika, kila mmoja upande wa rafiki yake. Kesho yake hakuna anayekumbuka mchezo ulivyokwenda, ila ugomvi wote wanaukumbuka.

Kwa maoni yangu, dawa ni kaye na biki. Katika mashindano, kila mchezaji aandike hatua zake na za mpinzani. FIDE, shirikisho la kimataifa lililoundwa Paris mwaka 1924, linalazimisha hivyo katika michezo ya muda mrefu. Anayedai sare kwa sababu kila upande umecheza hatua 50 bila kete kuliwa wala pioni kusogea, ataonyesha nini kama hakuandika? Mdomo wake tu.

Wengine watasema kuandika kunakula muda. Ni kweli, na kanuni zinalijua hilo: ukibakiwa na chini ya dakika 5, na saa haikuongezei sekunde 30 kwa kila hatua, unaruhusiwa kuacha.

Kazi yenyewe si ngumu. Miraba ni 64, kuanzia a1 hadi h8. Farasi akienda f3 unaandika Cf3, C ya cavalier. Tuwe waangalifu tu tukikutana na majirani wa Uganda wanaotumia herufi za Kiingereza: R kwetu ni mfalme, kwao ni mnara. Na kete wanayoiita askofu, Kifaransa kinaiita fou, yaani mwendawazimu. Maaskofu wetu watusamehe.

Mchezaji wa klabu mara nyingi haangushwi na akili ya mpinzani. Anaangushwa na kosa lake la hatua moja, na wiki inayofuata analirudia kwa sababu hakuliona. Karatasi ingemwonyesha.

Tena, tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, kwenda kucheza Uvira au Kinshasa si safari ya kuamka asubuhi na kwenda. Lakini Cf3 inaingia katika ujumbe mfupi wa simu. Wawili waliotenganishwa na vita wanaweza kuendelea na mchezo wao, hatua moja kwa siku, mradi wote wanajua kuandika.