Jina la Mwalimu Halimo Kwenye Jalada
Safu ya kila Jumapili, na Mwana Shangani

Katika okestra za Ulaya, yaani makundi makubwa ya wapiga fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma wanaofuata muziki ulioandikwa, mtu anayepiga piano na papo hapo akawaongoza wenzake huhesabiwa miongoni mwa mafundi wa juu kabisa, kwa sababu anabeba kazi mbili ambazo kila moja peke yake inaweza kummaliza mtu umri. Mtwara inao watu wanaoifanya kazi hiyo kila Jumapili, tena bila piano, nayo inawatendea vibaya.

Jambo hilo limedhihirika tena wiki hii. Kwaya ya parokia moja mjini, ambayo haitatajwa hapa, iliadhimisha jubilei yake kwa misa, chakula cha mchana na uzinduzi wa albamu ya video. Nyimbo zote za albamu hiyo zimetungwa na mwalimu wa kwaya, ambaye aliziandika kwa nota za herufi, yaani ule mfumo wa d, r, m, f, s, l, t ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta huku, kisha akazifundisha sauti zote nne jioni baada ya jioni, umeme ukiwapo na usipokuwapo. Wakati wa misa alikaa nyuma ya kinanda cha umeme ambacho ni mali yake mwenyewe na hukileta kwa bodaboda, mkono wa kushoto ukishikilia besi, wa kulia ukiziacha funguo kila ubeti ulipokaribia kwisha ili kuwaita wanaume wasichelewe kuingia. Sauti ya pili ilipoanza kushuka katikati ya Utukufu, aliipigia nota yake kwa kidole kimoja, mara mbili tu, ikarudi mahali pake bila waumini kutambua kwamba wimbo ulikuwa ukingoni mwa kuvunjika.

Ukumbini, mshereheshaji alimshukuru mgeni rasmi, wafadhili, mshonaji wa sare, mpishi, fundi mitambo na mpiga video, kila mmoja kwa jina lake. Mwalimu alitajwa mwishoni kuwa ni kijana wa kinanda, ingawa ana wajukuu, na makofi yalikuwa hayajatulia wakati keki ilipokuwa inaingizwa. Jalada la albamu lina majina ya wote waliotangulia kushukuriwa, na jina lake halimo.

Tabia inayoonekana hapa ni kwamba anayelipia sauti huheshimiwa kuliko anayeitengeneza. Chanzo chake ni kamati zinazoundwa na wenye uwezo wa kuchanga, ambazo huuchukulia muziki kuwa karama inayomshukia mtu bure na kwa hiyo haimdai yeyote malipo wala shukrani. Dhana hiyo ni ya uongo, na Kusini ilipaswa kuwa ya kwanza kuikataa, kwa maana ndiyo iliyomtoa Padri Stephen Mbunga, aliyechapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake ya liturujia, na ambaye baadaye alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kinshasa wamefanya vingine. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeasisi kanisa linalobeba jina lake, alikuwa rubani, na baada ya kupoteza kazi hiyo alianzisha okestra ya waumini mwaka 1994, yeye mwenyewe akiwa amejifundisha muziki, piano na selo zikiwa miongoni mwa ala anazopiga. Fidla zilikuwa chache zikapokezanwa, na uzi ulipokatika ulifungwa waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 okestra hiyo ilionyeshwa duniani katika filamu ya Kinshasa Symphony, na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ikamfanya Diangienda mwanachama wa heshima, katika orodha ambamo watunzi Brahms na Wagner wamo. Ni kweli kwamba alikuwa na kanisa zima nyuma yake. Mwalimu wa Mtwara naye ana parokia nzima, ila parokia hiyo imekaa kimya.

Hakuna anayedai hapa kwamba parokia inunue piano, ambayo nyuzi zake za chuma zingeshika kutu kwa hewa hii ya chumvi na mbao zake kuvimba masika. Kinachodaiwa ni kidogo, tena ni cha kisheria, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambulishwa katika kazi yake, awe amelipwa au amejitolea. Albamu hizo zingali zinauzwa mlangoni mwa kanisa. Kamati iyaondoe majalada yaliyopo, ichapishe mengine yenye jina la mtunzi juu ya majina ya wafadhili, na impe fungu lake la mauzo kabla haijaitisha kikao cha kupanga albamu ya pili, ambayo bila shaka inatarajia aitunge yeye.