Programu Haijui Tui la Pili

Mchicha wa nazi niliopika Jumapili ulipewa D. Nilikuwa nimeuingiza kwenye programu ya simu inayopima mlo: mchicha mafungu mawili, kitunguu, nyanya, chumvi, nazi moja. Kwenye nazi programu ikanipa chaguo moja tu, tui la kopo. Nikabonyeza, mchicha ukageuka rangi ya chungwa. Soda isiyo na sukari niliyoteremshia mlo huohuo ikapata B.

Aliyewahi kukalia mbuzi ya kukunia anajua kwamba nazi moja hutoa matui yasiyofanana. La kwanza, kasimile, ni zito na mafuta mengi yamo humo. La pili ni jepesi, karibu maji. Mchicha huchemkia kwenye la pili, kasimile hutiwa mwishoni, tena kidogo. Kopo halijui haya.

Herufi hizi zina asili yake. Ile inayojulikana zaidi, Nutri-Score, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 2017. Kanuni iliyoizaa ilitungwa Uingereza ili kuamua vyakula gani visitangazwe kwenye vipindi vya watoto vya televisheni. Hesabu yake ni ya gramu 100: nishati, sukari, chumvi na mafuta ya aina inayoganda humwongezea mshtakiwa makosa, nyuzinyuzi, protini, matunda, mboga na kunde humpunguzia. Ni kipimo cha bidhaa ya dukani, na kwa kazi hiyo nakitetea. Ukiwa na boksi mbili za nafaka za kifungua kinywa, zote zimechorwa mtoto anayecheka, herufi itakuonyesha haraka ipi ina sukari zaidi. Programu ya Yuka, nayo ya Ufaransa, hutoa asilimia 60 ya alama kwa virutubisho, 30 kwa viongezwa na 10 kwa kilimo hai. Nani aliamua iwe 60 na si 80? Waundaji wake. Hakuna dhambi hapo, mradi mtumiaji ajue kwamba anasoma uamuzi wa watu.

Mafuta ya zeituni yalianzia D kwenye Nutri-Score, yakapandishwa hadi C, kisha kanuni iliporekebishwa yakafika B. Chupani hakikubadilika kitu.

Kisa cha Australia kinanigusa zaidi kwa sababu kinafanana na cha mchicha wangu. Kule vyakula hupewa nyota, na unga wa Milo uliwahi kubeba nyota nne na nusu. Zilihesabiwa kana kwamba kila mnywaji anaukoroga kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Unga wenyewe ungepata moja na nusu. Walaji walilalamika, na mwaka 2018 Nestlé ikaziondoa nyota hizo. Milo ilibebwa na maziwa ambayo huenda mnywaji hana. Mchicha wangu ulizamishwa na kopo ambalo sikulifungua.

Na gramu 100 zenyewe ni kipimo cha ajabu ukikileta jikoni. Gramu 100 za dagaa wakavu ni rundo la kutosha nyumba nzima. Gramu 100 za ugali ni tonge chache tu. Ukiviweka kwenye mzani mmoja, dagaa ataonekana mkosaji kwa kuwa tu hana maji.

Wala hatuwezi kusingizia kwamba vyakula vyetu havijapimwa. Tanzania ina majedwali ya virutubisho tangu 2008, na Kenya ilitoa yake mwaka 2018. Kazi ya maabara ipo. Waundaji wa programu wanaouza huduma zao Dar es Salaam na Nairobi hawana sababu ya kumpa mtu “ugali” mmoja tu, wakati dona na sembe vimeachana tangu kinuni. Ningewataka waanzie hapo kabla ya kubuni rangi nyingine.

Mimi nilijaribu njia ya mkato. Programu yangu humruhusu mtumiaji kuongeza chakula kisichomo, basi nikaandika “tui la pili”. Ikauliza mafuta ni gramu ngapi. Nikautazama upawa, nikakisia 3, nikahifadhi. Mchicha ukapanda hadi B. Kesho mtu wa Tanga au Mombasa akitafuta tui la pili, atakutana na makisio yangu, yamewekewa alama ya tiki ya kijani.