Mota Ikitoa Cheche, Usikimbilie Dukani

Huu mtindo wa kutupa mota ya cherehani, au ya mashine ya kufyonza vumbi, kila ikizidisha cheche ni israfu. Tuuache!

Mota hizi ndogo zina kaboni mbili zinazosuguana na shaba na kuisha taratibu, kama soli ya kiatu. Kaboni hubadilishwa, kwa bei ndogo kuliko mota mpya. Ila koili ikiungua, kusuka upya mota ndogo mara nyingi hakulipi. Hapo nunua nyingine.

Bibi harusi, ukizawadiwa cherehani, iwe mjini au huku kwetu Nambis, usikubali "imekufa" ya mdomo. Mwambie fundi aifungue mbele yako, akuonyeshe kilichokufa. Mali ni amana, tutaulizwa tulivyoitumia.