Kamba Haivunjiki

Waingereza wana neno moja, "break", walitumialo kwa fimbo, kamba, saumu na hata mapambazuko. Sisi twatenganisha: fimbo huvunjika, kamba hukatika, aliyefunga hufuturu, na kunapokucha twasema kumepambazuka.

Majuzi mshairi chipukizi alinisomea shairi lake ambamo kamba ya mapenzi "imevunjika". Nilimuuliza iwapo mizani ndiyo iliyomlazimisha. La hasha! "Imevunjika" na "imekatika" yote yana mizani mitano na kina kilekile cha "ka". Kosa lilitokana na kuwaza kwa Kiingereza kwanza, kisha kulitafutia wazo vazi la Kiswahili.

Wala "vunja" letu si kivuli cha "break". Mwari huvunja ungo, nasi huvunja jungu kabla ya Ramadhani. Huko "break" haifiki.

Rai yangu kwa washairi wenzangu ni hii: kabla ya kuteua kitenzi, kitazameni kitu chenyewe. Kamba iliyokatika hupigwa fundo, na kutoka hapo beti nzima ya suluhu yaweza kuzaliwa. Iliyovunjika, mtaiungaje?