Barua kwa Wanaotutunzia Nyumba Samuye

Reading, Uingereza

Ndugu zangu wa Samuye,

Nawaandikia ninyi mnaotukusanyia kodi: kaka, dada, mashemeji na majirani ambao sisi tulio huku tumewaachia funguo za vyumba vyetu, hapo kijijini, Shinyanga mjini na Kahama. Nimeiacha barua wazi ili wenye nyumba wenzangu nao waisome, maana wao ndio wenye deni kubwa zaidi.

Kazi yenu ni ngumu kuliko tunavyokiri. Mpangaji akikumbushwa kodi anamwona msimamizi hana huruma. Mwenye nyumba asipoona ujumbe wa pesa kwenye simu anaanza kunong'ona kwamba ndugu yake anakula. Kitasa kikikataa kufunguka saa nne usiku, anayegongewa ni wewe. Choo kikijaa Kahama, unaacha majaruba yako, unapanda gari kwa nauli yako. Dalali aliyemleta mpangaji kwa siku moja ameondoka na kodi ya mwezi mzima. Wewe wa mwaka mzima unaambulia asante. Hapana. Nionavyo mimi, sehemu ya kumi ya kodi ni haki ya msimamizi, na aikate kabla hajatuma kinachobaki. Tena awe na karatasi inayosema anaweza kutengeneza nini, kwa kiasi gani, bila kusubiri mimi niamke huku nimjibu.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambako ugomvi mwingi huzaliwa. Chukueni nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Mwalimu ana taa moja na chaji ya simu. Chumba cha pili kina jokofu, cha tatu kina pasi na jiko la umeme. Wote wanachanga sawa. Jumapili jioni uniti zinakwisha, kila mlango unasema jana nilitoa mimi, na msimamizi ndiye anayetafutwa. Mita ndogo kwa kila chumba zinagharimu pesa, lakini ni pesa ya mwenye nyumba kutoa, kwa sababu amani ya nyumba ni sehemu ya kile anachouza.

Humo humo kwenye LUKU kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa wakati wa kununua umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Mpangaji aliyenunua umeme amemlipia, na anastahili kurudishiwa kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000. Mpunguzieni bila kusubiri adai. Mtu aliyeona umemrudishia hiyo atakuamini siku utakapomwambia bati limepanda bei.

Kuhusu kuchagua wapangaji, nawaomba tusizibwe macho na dhahabu. Mwenye pesa ya mgodi anaweza kuweka mezani kodi ya mwaka mzima, na mwalimu au muuguzi anayetaka kulipa kwa mwezi anaambiwa chumba kimeshachukuliwa. Lakini makinikia, ule mchanga wa madini, yalipozuiwa kusafirishwa nje Machi 2017, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi mwaka huo huo na watu wakafungasha. Mgodi wa Buzwagi nao ukafikia mwisho wake 2021. Vyumba vilibaki, na waliokuwa wakigombewa hawakuwepo. Mwalimu anayelipa kidogo kidogo kwa miaka ni mpangaji wa kushikwa kwa mikono miwili.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, hivyo bei na masharti ni makubaliano yetu wenyewe, na makubaliano ya mdomo hayamlindi yeyote. Muda wa notisi uandikwe. Na akichelewa kulipa, jamani, tusing'oe mlango wala kuezua bati mtu akiwa na watoto ndani. Kuna Baraza la Kata. Tangu 2021 haliamui kesi za ardhi na nyumba, linasuluhisha, na likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, ndiyo, lakini msimamizi aliyeng'oa mlango kwa amri ya simu kutoka Ulaya ndiye atakayeitwa kujibu, si aliyempigia.

Hapa Reading mimi ni mpangaji. Siku ya kuingia tulizunguka na wakala chumba kwa chumba. Hata doa la chai kwenye zulia liliandikwa na kupigwa picha, tukasaini. Tangu Aprili 2007 sheria ya huku inataka pesa ya dhamana ilindwe kwenye mpango maalumu. Sisi hatuna mpango huo, ila simu tunazo. Pigeni picha kuta, vioo, vitasa na bomba mbele ya mpangaji, picha ziende kwa watu watatu: yeye, wewe na mwenye nyumba.

Anayesimamia nyumba yangu hapo Samuye nimeshamtumia karatasi yake, na nakala iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wenzangu wa Muscat, Leicester na Minneapolis, wa kwenu bado wanasubiri ya kwao.